Ganda la Sandarusi

Siku ya tatu punje zilikuwa bado ndani ya siki, ngumu vilevile. Idarusi akazihamishia kwenye maji ya magadi. Baada ya saa moja zikayeyuka. Akajipongeza kimoyomoyo, maana hapakuwa na mwingine wa kumpongeza.

Idarusi alikuwa mchanganya dawa Chumbageni, na punje zile, ndogo kama mtama, zilikuwa za Bi Mwanamkasi wa mtaa wa Mabawa. Bibi huyo alikula vizuri, lakini chakula hakikumkaa mwilini. Kongosho lake lilikuwa limechoka, na mwaka ule wa 1956 alikuwa amebaki mifupa. Daktari alimwandikia vidonge vya Ulaya. Aliposikia vimetokana na nguruwe, akasema bora azikwe.

Ndipo Idarusi akachukua kongosho la ng'ombe machinjioni, akalikausha na kulisaga. Unga ule ungemsaidia bibi kumeng'enya chakula, ila tindikali ya tumboni ingeuharibu kabla haujafika kwenye utumbo. Kwa hiyo aliufinyanga kuwa punje, na kila punje akaipaka ganda la sandarusi, utomvu wa mti ulioyeyushwa kwa spiriti, ili ipite tumboni ikiwa nzima na kuyeyukia kwenye utumbo.

"Asitafune," alimwambia Saleha, mke wa mwanawe bibi. "Asitafune hata moja."

"Hatatafuna, wallahi."

Wiki mbili baadaye bibi alikuwa amekonda zaidi. Idarusi akapaka mara ya pili. Bibi akazidi kukonda. Idarusi akapaka mara ya tatu. Mwana wa bibi, Jumbe, akaonekana dukani akiulizia bei ya bafta nyeupe ya sanda, na Idarusi akakosa usingizi. Alimpenda yule bibi, na dawa ilikuwa yake.

Jumatatu akaenda Mabawa mwenyewe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu." Mwanamkasi alikuwa kitandani, kanga imemfunika hadi puani.

"Niambie kweli. Zile punje unazitafuna?"

"Sijatafuna hata moja. Nakuapia."

Idarusi alimwamini, na hilo ndilo lililomtia simanzi. Akatoa chupa mpya, akamkabidhi Saleha.

"Hizi nimezipaka mara nne. Zikishindwa hizi, sina jingine."

Saleha akaishika chupa, machozi yakamlengalenga.

"Mara nne, kaka Idarusi? Nihurumie. Mama hana jino hata moja, kila kitu namtwangia mimi. Zile za mara tatu nimezitwanga mpaka viganja vikachubuka."