Ukurasa wa Hitimisho

Kwenye meza ya msaada wa uandishi, mwisho kabisa wa maktaba ya chuo, masharti yalikuwa mawili: mwanafunzi asome kazi yake kwa sauti, na kalamu aishike mwenyewe. Mwalimu Kombo alikaa mikono mitupu, akisikiliza.

Mwanakheri alikuwa akisoma utafiti wake juu ya wanawake wapika chumvi. Alipofika kwenye moshi wa majiko yao na macho yao mekundu, maneno yalimtoka yenyewe. Kisha akaingia ukurasa wa hitimisho, na ulimi ukawa mzito. Sentensi ya kwanza ikamkwama. Akairudia, ikakwama tena.

"Hapo umesema nini, dada?" Mwalimu Kombo akauliza.

Mwanakheri aliutazama ukurasa. "Sijui," akajibu. "Hapa kaandika mume wangu. Alisema niliyoandika mimi ni ya kitoto."

"Basi aje asome yeye."

Mwanakheri alitaka kucheka, lakini mwalimu hakuwa akitania. Kesho asubuhi angesimama mbele ya watahini kuitetea kazi hii, na mumewe hangekuwepo.

Simu yake ikaanza kutetemeka mezani. Alikuwa mumewe, amekuja kumchukua. Mwanakheri akaupiga ukurasa ule mstari mmoja mrefu, toka juu hadi chini, akaugeuza upande uliokuwa mtupu. Akaandika: "Nilikaa nao jikoni."

Simu iliendelea kutetemeka, ikijisogeza kidogo kidogo kuelekea ukingoni mwa meza. Hakuna aliyenyoosha mkono.