Kioo cha Bi Zuwena

Uji haujapoa, ndege yule alikwishaanza tena kugonga. Alikuwa chozi dume, mdogo wa kuenea kiganjani, kifua kikimeta kijani na zambarau, mdomo umepinda kama sindano ya shazia. Alitoka kwenye mwasumini mbio hadi dirishani, akakipiga kioo, akarudi, akakipiga tena.

Bi Zuwena ndiye aliyekielekeza nje kioo kile cha kujitazamia, siku aliyoanza kukaa eda ya mumewe, ili asijitazame. Hakufikiri kwamba ndege angejiona humo akadhani dume mwenzake amemvamia bustani.

"Atajiua huyo, wifi!" dada wa marehemu alimwambia kutoka jikoni, mikono imejaa unga. "Kigeuze kioo!"

"Nikikigeuza si nitajiona?"

"Basi fumba macho!"

Bi Zuwena aliketi, akainuka, akaketi tena. Kulia alikuwa amelia, na watu walimwona. Lakini tangu mume azikwe usingizi wake ulikuwa mzito, na chakula kilimpanda vizuri mno. Alihofu uso wake ungemsema.

Nje chozi alipiga ko, ko, ko. Safari hii aliacha tone la damu.

Akafumba macho, akakishika kioo kwa mikono miwili, akakigeuza. Kukawa kimya. Akabaki amesimama mbele yake, kope zikimcheza.

Kisha chozi akaugonga ubao wa nyuma mara moja tu, taratibu, kama mgeni apigaye hodi, na midomo ya Bi Zuwena ikafunguka kuitikia kabla ya macho.