Risasi Isiyo na Baruti

Jana yake Mwanahawa na mumewe Shomari walikaa mezani wakijaza upya maganda ya risasi, mke akipima baruti, mume akikandamiza vichwa. Ganda moja Shomari aliliacha tupu, bila baruti wala fataki, akalifunga kichwa kama mengine. Asubuhi, uwanjani, akalichanganya kwenye magazini ya bastola huku amempa mkewe mgongo.

Ndivyo walivyousaka woga wa Mwanahawa. Mlenga shabaha anayeogopa kishindo huinamisha bastola kabla haijalia, na kishindo chenyewe kikamsitiri. Risasi tupu haimsitiri mtu: bastola isipolia, mkono ulioinama huonekana wazi. Mwaka mzima ilikuwa ikimuumbua Mwanahawa, na leo ameapa: akiinamisha tena, nafasi yake kwenye mashindano apewe mwingine.

"Pumua, Mama Subira," Shomari alisema nyuma yake.

"Hebu nyamaza, kwani najifungua?"

Akafyatua. Bastola ikalia, karatasi ya shabaha ikatoboka. Akafyatua tena, ikalia. Mara ya tatu ikatoa mlio mdogo tu, kama kufuli linalofungwa.

Mkono haukucheza. Mdomo wa bastola ulibaki palepale, umelikodolea duara jeusi.

"Nishushe?" Mwanahawa aliuliza bila kugeuka.

Shomari alikuwa amejishika kichwa kwa mikono miwili, meno yote nje.

"Usishushe," alisema. "Ngoja kwanza nikutazame."

Basi akasimama vilevile, mkono umenyooka, moshi wa risasi ya pili ukimalizikia taratibu mbele yake.