Mwosha Hasemi

Bi Mwanamkuu, mwosha maiti, alishika ukingo wa kizimba cha mashahidi. Yeye ndiye aliyemwosha Zuhura kabla ya maziko.

"Polisi uliwaambia hukuona kitu mwilini," wakili wa mume wa Zuhura alisema. "Leo unasema uliona alama za vidole shingoni. Bi mkubwa, ulidanganya siku ile, au unadanganya leo?"

"Mwosha hatangazi aliyoyaona kwa maiti, mwanangu. Siku ile nilimsitiri."

"Kwa hiyo ulidanganya. Mheshimiwa, shahidi huyu haaminiki, na hakuna daktari aliyeuona mwili."

Hakimu alikuwa akiandika, kichwa ameinama. "Bi, jibu swali. Siku ile au leo?"

Akisema siku ile, ni mwongo. Akisema leo, damu ya Zuhura imekwenda bure.

Bi Mwanamkuu akaufungua ushungi wake mbele ya wanaume wote wale, akaviweka vidole vyake shingoni mwake, kimoja kimoja, pale pale alipoziona zile alama.

"Shahidi amenyamaza," hakimu akasema huku akiandika.

Upande wa pili, kwenye kizimba cha washtakiwa, mume wa Zuhura akaificha mikono yake nyuma ya mgongo, polepole.