Kopo la Mzee Shekue

Kwa siku nne figo za Mzee Shekue zilikuwa zimegoma kutoa mkojo, na miguu ilimvimba hadi ndara hazikumwingia. Daktari alisema figo zisipoamka leo, kesho atawekwa kwenye mashine ya kusafisha damu.

Asubuhi hiyo alimshika mkewe mkono. "Mwanaidi, lete kopo upesi!"

Mwanaidi akampa, akavuta pazia, akageuka kando. Akasikia matone, halafu mchirizi mrefu.

"Umepata?"

"Nimepata, mke wangu," alijibu mumewe, akicheka huku machozi yakimtoka.

Nesi angekuja kulichukua kopo ili apime mkojo, lakini Mwanaidi hakumngoja. Alilibeba kwa mikono miwili kumpelekea, akapita katikati ya wodi polepole, na wagonjwa wakainuka vitandani kumtazama.