Diski ya Kumsitiri Husna

Njoo karibu nikutegee, na usinifanyie haraka: nyumba haina dirisha wala jiko, imeshiba maharusi na hakuna aliyeonja pilau. Nini hiyo? Fikiri. Umeshindwa? Basi nipe mji wangu, nishapata. Ni kompyuta ya Nassoro, mpiga video za harusi pale Chuno, Mtwara, na asubuhi hiyo ilikuwa imeshiba mpaka inakoroma.

"Si ufute harusi za zamani," mkewe Husna akamwambia.

"Za zamani hazinisumbui. Inayonisumbua ni ya juzi."

Ya juzi ilikuwa harusi ya binti wa Bi Sharifa. Ukumbi wa wanawake, mwanamume hapigi picha wala hatazami, hata mwenye studio. Husna ndiye hushika kamera, na huziunganisha picha zake mlango umefungwa. Ila safari hii kina mama walimpokonya kamera wakamsukuma yeye katikati. Nassoro alizipata habari kwa kinyozi: mkeo kaingia uwanjani, ukumbi nusura uanguke kwa vifijo.

Na Nassoro ni mwanamume, bwana, si mchezo. Kiti chake pale kwa kinyozi kilikuwa kama mimbari. Ndipo alipowafundisha wenzake kutawala nyumba: yeye kwake husema mara moja, halirudiwi. Sasa mke wa mtu kama huyo yumo ndani ya kompyuta, bila baibui, na kompyuta inataka fundi. Fundi naye ana ndevu!

"Ulicheza ngoma gani, Mama Issa?"

Husna akainama kufagia chini ya meza. Palikuwa pasafi.

Kufuta haikuwezekana. Bi Sharifa alishasema ikipungua hata dakika moja, Nassoro atamwoza binti yake upya kwa gharama zake. Basi mtawala akavaa kofia, akaenda dukani kwa Fakhruddin kuinunulia heshima yake pa kukaa.

"Kompyuta ya mezani hiyo? Weka diski ya pili ndani," Fakhruddin akamshauri. "Nafasi ipo, inafungwa kwa skrubu, na bei yake nafuu."

"Ya ndani itakwenda kwa fundi pamoja na kompyuta. Sitaki."

"Chukua flashi."

"Kitu kama kidole cha mtoto? Niangushe msikitini, aokote imamu?"

"Sidii basi. Nitakupa na mashine ya kuchomea."

"Sidii! Kila kibanda kina deki. Jioni mji mzima unatazama."

Zarina, mke wa Fakhruddin, alikuwa akipanga betri kwenye rafu. Mabega yalikuwa yanamtetemeka. Naye alikuwapo ukumbini siku ile.

"Mpe diski ya nje," akasema bila kugeuka. "Unachomeka waya, unajaza, unachomoa, unafungia kabatini. Na kadi ya kuongeza matundu ya kuchomekea umpe, maana hayo ya kompyuta yake yatakuwa yamejaa."

"Umeona, Fakhruddin? Mwenzako ana akili," Nassoro akasema.

"Chukua mbili, Bwana Nassoro," Zarina akaongeza. "Moja ikifa, nyingine ipo. Kitu kama kile kikipotea, wanawake wa Mtwara tutakaa matanga."

Nassoro akavimba kama andazi kwenye mafuta. Kumbe mkewe alicheza vizuri kiasi hicho! Akachukua mbili, akachukua na kufuli.

Husna akajifungia na kompyuta. Alipotoka, harusi ilikuwa imehamia kwenye diski zote mbili na ndani ya kompyuta hakuna kitu. Nassoro akazifungia kabatini, ufunguo akauning'iniza shingoni kama hirizi. Kesho yake kwa kinyozi akatoa somo jipya: mume wa kweli humsitiri mkewe hata kwenye mitambo. Wenzake wakamkubalia. Mmoja akamwomba amchoree mfano wa kufuli.

Lakini njiani mambo yalimshangaza. Wanawake walimwamkia kwa adabu iliyopita kiasi, halafu akishapita anasikia kicheko kimebanwa kwenye kanga. Wivu huo, akajisemea. Wanaona mke niliye naye.

Ijumaa baada ya chakula akakuta barazani kwake viatu vya kike hata pa kukanyaga hakuna. Bi Sharifa mwenyewe alikuja na wageni kutoka Kitaya ambao hawakuiwahi harusi. Sebuleni, kompyuta ilikwishawashwa, waya unaning'inia, unasubiri.

"Shikamoo, Bi Sharifa."

"Marahaba, baba. Tupe ufunguo, tukutazamie mkeo."

Nassoro akaushika ufunguo. Hapa ndipo mahali pa kusema mara moja, na mashahidi wapo.

"Sitoi," akasema, sauti nzito. "Humu ndani mwenye amri ni mimi. Mama Issa, nimekuuliza wiki nzima unanifagilia sakafu. Leo utasema mbele ya wageni: ulicheza ngoma gani?"

Wageni wa Kitaya wakatazamana. Zarina, naye aliyekuwamo, akajiziba mdomo kwa mikono miwili.

Husna alimwonea huruma, wallahi, maana anampenda. Akaweka sinia ya chai chini.

"Sikucheza, Baba Issa. Nilivaa kanzu yako, nikakuigiza wewe unavyopiga magoti hapo barazani ukinililia, nikikufungia nje."