Funga Jicho Moja

"Daka!" alisema fundi wa mashati, akamrushia funguo.

Fundi wa magauni alinyoosha mkono, akadaka hewa. Funguo zikamgonga kifuani, zikaangukia chini ya cherehani.

"Dada, si umevaa miwani mpya?"

Wenzao wakacheka. Mara ngapi amewaeleza? Ualbino wake haukuishia kwenye ngozi. Mishipa ya macho yake huvukia upande usio wake ikielekea ubongoni, kwa hiyo macho mawili hayajawahi kukubaliana kitu kiko umbali gani. Miwani hainyooshi njia hiyo. Daktari anahisi hata njia ya masikio ina mambo yake.

"Jamani, huku!" aliita mwenye duka.

Fundi wa magauni akageukia mlangoni. Mwenye duka alikuwa nyuma yake. Kicheko kikaanza upya.

Fundi wa magauni alichomoa sindano, akamkabidhi fundi wa mashati pamoja na uzi. "Kaka, funga jicho moja. Nyoosha mikono. Tunga."

"Hilo tu?"

Uzi ukapita pembeni ya tundu. Akalamba ncha, akarudia, akakunja uso, akajichoma kidole.

Fundi wa magauni akavua miwani, akaifuta taratibu kwa upindo wa gauni.

"Nikuazime?"